Dawa Mkononi, Nje ya Geti

Wasikilizaji wapendwa, mambo yaliharibika Jumamosi, tarehe kumi na nne Juni, kwenye tamasha la muziki la siku moja, uwanja wa wazi. Siku hiyo tulimpoteza fundi cherehani, Madoido. Alikuwa na pumu, na dawa yake ya kuvuta ilikuwa nje ya geti.

Jina la Madoido alipewa na wateja. Hata sare ya shule aliitia urembo mfukoni. Mdogo wake anasema, "Dada akisikia muziki, pasi anaisahau juu ya nguo. Wateja walikoma." Mumewe, fundi viatu, hajui kucheza. Madoido alimwambia anacheza kama mtu anayeua mende. Hata hivyo, siku hiyo alimvuta mkono hadi karibu na jukwaa.

Asubuhi getini walinzi walikusanya chupa na makopo yote. Kikopo cha dawa nacho kikatupwa kwenye pipa, pamoja na marashi ya watu. Mume alieleza kwamba ni dawa. Nani amsikilize fundi viatu?

Alasiri vumbi lilitimka, kifua kikambana Madoido. Mume akamwacha na mdogo wake waliyekuja naye, akakimbia hadi nje, akafukua pipa lile akaipata dawa. Alipogeuka aingie, mlinzi akamzibia njia.

"Mzee, ukitoka umetoka. Amri ya wakubwa."

"Mwanangu, mke wangu hapumui."

"Nakuelewa, mzee. Lakini nikikuruhusu, kazi sina."

Alipiga magoti. Akamsihi basi mlinzi mwenyewe aipeleke dawa. Kijana akaita wakubwa kwa simu ya upepo, akaita tena. Wakubwa walikuwa kwenye hema lao, wanakula. Hakuna aliyejibu. Fundi viatu alibaki nje ya uzio, dawa mkononi, watu wakishangilia ndani.

Kisha akamwona shemeji yake anakuja, peku, khanga imemdondoka begani.

"Shemeji," alisema, "usihangaike tena."

Waandaaji wanasema amri ni ya walinzi. Walinzi wanasema ni ya waandaaji. Waliotoa kibali wanasema tusubiri. Fundi viatu amezungushwa ofisi hadi ofisi. "Sisi ambao hatukusoma," anasema, "wanatuona mpira wa kurushiana."

Kwa fundi viatu, kwa mdogo wa marehemu na jamaa wote, poleni sana. Msiba huu ni wetu. Nasi tulioketi majumbani tutafakari, maana kesho tutapita geti kama lile na wapenzi wetu. Ni nani hasa aliyesema kwamba aliyetoka asirudi?