Mama Tabea wa Mangi Lerionka na Jina Alilokataa Kulitamka

Ni nani aliyeandika kwamba mama huyu hajui kusoma? Ni mimi, Efraimu, mtoto wa dada yake, ninayewasomea habari zake leo.

Mama yetu mdogo, aliyebatizwa Tabea, alizaliwa Ngaramtoni. Siku haikuandikwa, alikuwa binti wa kuchunga ndama mwaka ule ng'ombe walipokufa kwa sotoka. Mwaka 1899 aliolewa Sokon na Lerionka, ambaye baadaye boma la Wajerumani la Arusha lilimfanya mangi, mkuu wa watu wetu.

Alianza kusoma misheni mwaka 1905, mtoto wake wa pili akiwa mgongoni. Alibatizwa Krismasi ya 1907, na mwaka uliofuata akaanza kuwafundisha wanawake na wasichana nyumbani kwake.

Mke wa mangi hana mlango wa kufunga. Kila mwenye shida alifika kwake. Mwaka 1910 mkalimani alileta barua ya boma, akatangaza kwamba wanatakiwa wapagazi arobaini. Mama akaomba kuiona.

"Baba, hapa pameandikwa kumi na wanne," alisema. "Hao wengine wanakwenda kulima shamba la nani?"

Watu walicheka hadi mkalimani akakumbuka kwamba ana safari.

Februari mwaka huu misheni ilinituma kukagua darasa lake, cheti changu cha chuo kikiwa bado kipya. Akiita majina, alifika kwa Penina binti Sironka. Akasema, "Penina," akanyamaza.

"Penina nani?" nikauliza.

"Penina huyu hapa. Au macho uliyaacha chuoni?"

Sironka ndilo pia jina la baba mkwe wake, na mwanamke wa Kiarusha halitamki jina la mkwewe. Nililijua hilo. Nilidhani Mkristo anayefundisha hapaswi kushika mwiko huo, nikamshurutisha alitamke mbele ya wanafunzi wake. Akakataa.

Bibi Nkasiogi, mwanafunzi mkubwa kuliko wote, akaniambia, "Mwalimu, mkeo akimwita baba yako kama anayeita mbuzi, utafurahi?"

Nikaandika kwenye taarifa ya misheni: Hawezi kusoma majina. Darasa likafungwa.

Mwezi Mei alishikwa na kichomi. Nilikwenda kumwomba radhi. Kabla sijasema neno akauliza, "Efraimu, umekula?" Nikala, nikaondoka. Sikuomba. Alifariki Jumanne, tarehe 10 Juni 1913, jioni.

Ameacha mume, Mangi Lerionka. Baba mkwe wake. Watoto watatu, Gidion, Hanna na Resiato. Na wanafunzi kumi na mmoja. Bwana ampe pumziko lake, na aibu hii ibaki kwangu.

Asubuhi iliyofuata kifo chake nilikwenda kulifungua tena lile darasa. Nikakuta limefunguliwa. Wanawake kumi na mmoja walikuwa wameketi, kila mmoja ameandika kwenye kibao chake jina la mama la kuzaliwa, ambalo kwa desturi yetu halitamkwi tena mtu akishakufa, wala mimi sitalitamka hapa. Bibi Nkasiogi akanisogezea kibao kitupu.

"Keti, mwanangu," alisema. "Andika."