Bwana Harusi wa Kucha Nne

Asubuhi hiyo, kwenye benchi la chai la Harji, pale mjini Bundi, watu walikuwa wamekikodolea macho kifurushi cha kitambaa chekundu. Mwenyewe ni Nahar Singh, ambaye binti yake, Ugam, anaolewa jioni. Bwana harusi amenyimwa likizo huko Muskat, na kwetu Warajputi, jamii ya wapiganaji, hilo lina dawa ya kale: hutuma jambia lake la ngumi, bibi harusi akazunguka nalo moto wa harusi, ndoa ikahesabiwa. Sasa kwao bwana harusi wamekosea kabati. Wametuma kucha za chuma, zile za kuficha kiganjani ukienda kumkumbatia adui. Mimi nilikuwa nimefuata chai tu.

— Niambieni, akasema Nahar. Ndoa ipo au haipo?

— Ipo, akajibu Kanali, ambaye vita vyake vyote amepigana kwenye foleni ya gesi. Silaha ni silaha. Mchagua jembe si mkulima.

— Jambia hushikwa hadharani, akasema Wakili, aliyepewa jina hilo kwa kushtakiwa sana. Hizi hufichwa. Hiyo itakuwa ndoa ya siri.

— Ya siri vipi, na wapishi wanakaangia mtaa mzima?

— Halafu kucha ziko nne, Kanali. Waume wanne hao. Sheria inataka mmoja.

— Kidole kimoja hakivunji chawa.

— Chawa kaingiaje humu?

— Mimi naogopa mtoto, akadakia Harji. Atazaliwa na kucha.

— Watoto wote huzaliwa na kucha, kaka, akasema Wakili.

— Za kuchomoza na kurudi ndani, nasema. Mkunga atazikataje?

Nahar hakucheka.

— Nikiahirisha, watasema binti yangu kakataliwa. Nikiendelea, watasema kaolewa na paka.

Hapo Ugam akafika mwenyewe, hina hadi viwikoni, mikono kaiinua isiguse kitu.

— Shikamooni. Baba, unaulizwa nyumbani. Akainama juu ya kitambaa. Ndiye huyu?

— Ndiye, mwanangu. Tunamjadili.

Akamtazama mumewe kucha moja baada ya nyingine.

— Wazee, na bibi harusi akikosa nafasi, hutuma nini?

Wakili akaomba chai. Harji akasema imekwisha, na birika bado lilikuwa linafuka.

Nahar akakifunga kifurushi, akakaza fundo kwa meno.

— Harji, lile basi la kwenda kwao bwana harusi limeshaondoka?