Geti la Njia ya Badger

Asubuhi ile ya Juni, benchi la mbele ya duka la vipuri la Lorene, katika mji mdogo wa Larkin Ford kule Idaho, lilitetemeka kwa vicheko kabla hata kahawa haijamiminwa. Ofisi ya misitu ilikuwa imebandika tangazo: Njia ya Badger, iliyofungwa kwa magari miaka kumi na mmoja, inafunguliwa Jumamosi. Lorene, ambaye kijiwe kilimwita Dizeli kwa ngurumo ya sauti yake, alikuwa amelisoma mara nne. Orrin, aliyeitwa Redio kwa kuwa hazimiki, alikwenda kucheza katikati ya barabara mpaka lori la magogo likampigia honi. Verl Hadlock, mzee wa miaka sabini na miwili waliyemwita Winchi kwa jinsi alivyowahi kuwavuta wote wawili kutoka matopeni, alicheka nao, ila aliacha kabla yao. Hapo kijiweni, yeye peke yake alijua kwa nini njia ile ilifungwa.

— Nawaambia kwa nini wanaifungua: mkubwa wa misitu kanunua gari la milimani, Redio alianza. Jipya, jekundu. Sasa alipeleke wapi, kanisani?

— Gari gani, we! Dizeli akamkata. Yule hata baiskeli inamtupa. Watu wa misitu walisahau tingatinga huko juu. Wamelitafuta kwa ndege mpaka wamechoka, sasa wanatutuma sisi tulitafute bure.

— Tingatinga zima?

— Zima! Na dereva wake ndani.

— Anakula nini muda wote huo?

— Samaki na matunda ya porini. Kanenepa huyo, hata mlango haumtoi.

Verl alipaliwa na kahawa. Redio akamgonga mgongoni, kisha akainama kama mtu mwenye siri ya serikali.

— Sikilizeni. Mlima unahama.

— Unahama kwenda wapi?

— Montana! Kila mwaka shubiri moja. Tulipokuwa tunapita na magari ulikuwa unatulia, maana uzito unaukandamiza. Walipotufunga nje, ukaanza safari. Sasa wamepima, wameshtuka.

— Kwa hiyo sisi ndio mawe ya kuushikilia usipeperuke?

— Ndiyo maana wewe umealikwa wa kwanza, Dizeli.

Dizeli akamrushia kitambaa cha grisi, kikamtua usoni, na benchi zima likainama kwa kicheko.

— Winchi, na wewe unasemaje? Dizeli aliuliza akijifuta machozi. Si wewe uliyekuwa ukiwatukana kondoo pori wa mlimani, kwamba njia ilifungwa ili kuwalinda wao?

— Niliwatukana, alijibu Verl. Sana tu.

Kweli aliwatukana, kuliko mtu yeyote. Aliwatukana kondoo, akawatukana watu wa jiji la Boise wanaokuja na magari yanayong'aa, akaitukana serikali. Miaka kumi na mmoja kila alipotukana alijisikia mdogo zaidi.

Hapo ndipo liliposimama gari la kijani la misitu. Akashuka binti mmoja mwenye faili mkononi, Maite Urrutia, ofisa mpya aliyehamia wiki mbili nyuma.

— Habari za asubuhi, wazee wangu. Naambiwa mkitaka kujua lolote la mlimani, mje hapa.

— Umefika makao makuu, mwanangu, alisema Redio. Uliza.

— Njia ya Badger ilifungwa kwa nini?

Redio akaanza tena kisa cha mlima unaohama.

— Faili linasema "uharibifu", basi, Maite aliendelea. Aliyeliandika alishafariki. Ofisini wanasema gari fulani lilitoka njiani likachimbua chemchemi, lakini hapakuandikwa ni wapi. Kule juu chemchemi ni nyingi. Lazima tuizungushie mawe kabla magari hayajapita. Nisipopajua, geti halifunguliwi Jumamosi.

— Si ni kondoo? Dizeli alijaribu.

— Kondoo hawana magurudumu, mama.

Redio akatazama kikombe chake. Verl akaweka kikombe chake chini.

— Ni mimi, alisema.

— Wewe nini?

— Gari lilikuwa langu. Theluji ndiyo kwanza imeyeyuka, nami nina matairi mapya. Nikaingia bondeni, kwenye chemchemi, kuyajaribu. Nilikuwa peke yangu, nikaona nani ataniona? Nikayachanachana majani yote nikijitoa. Tope likashuka kijitoni, likafunika mayai ya samaki. Niliyaona kwa macho yangu, nikaja kukaa hapa.

Hakuthubutu kuinua uso. Alingoja wanyanyuke, wamwachie benchi.

— Miaka kumi na mmoja, alisema Dizeli polepole, nimewanunia watu wa Boise! Kuna mmoja nilimnyima plagi, Verl! Ana watoto watatu!

— Mimi nimemwandikia mbunge barua thelathini! Redio akapaza sauti. Zote za kondoo! Akajibu moja, akanitumia picha ya kondoo!

Dizeli alijaribu kukasirika, akashindwa. Kicheko kikamtoka puani, kikampata Redio, kikampata hata Maite, akageuka pembeni na faili lake likidunda kifuani. Verl akawatazama mmoja mmoja, haamini.

— Unaweza kunionyesha, mzee? Maite aliuliza alipopata pumzi.

— Hata nikiwa nimefumba macho.

— Basi kesho saa moja asubuhi. Mje na koleo, wote watatu. Mawe ya kubeba ni mengi.

— Sisi tena? Kosa ni la huyu! alilia Redio, ila tayari alikuwa anasogea karibu na Verl. Hebu kwanza. Gari lilizama mpaka wapi?

— Mpaka kwenye vioo.

— Mwongo!

— Mpaka kwenye vioo, nakwambia! Samaki mmoja akachungulia ndani.

— Ukatokaje?

Verl akasimama. Alikuwa na kisa bora kuliko vyote vilivyowahi kusimuliwa kwenye benchi lile, naye alikuwa amekimeza miaka yote hiyo. Akakunja mikono ya shati, akashika usukani wa hewani. Dizeli alimpa Maite kikombe, akainamisha chupa ya kahawa juu yake. Halikutoka hata tone, na hakuna aliyejali.