Jinsi Eddo Sirad Alivyojikatalia

Baada ya miaka kumi na minane ya utumishi, Bi Sirad Gelle, mkaguzi wa vitambulisho katika tawi letu la udalali wa hisa mjini Garissa, anastaafu tarehe 31 Desemba 2025. Kitambulisho chake kinasema siku inayofuata anatimiza miaka sitini. Sisi tuliomzoea tunamwita Eddo, yaani shangazi, naye huitika vizuri tu, mradi usiwe umemletea picha yenye ukungu.

Alianza mwaka 2007, enzi za fomu za karatasi. Watu walipoanza kufungua akaunti kwa simu, makao makuu walituahidi kwamba sasa mkaguzi atapumzika. Haya basi! Mteja anapiga picha kitambulisho, anapiga na uso wake, mashine inalinganisha. Ikishindwa, inamrushia Eddo. Ilishindwa kila siku. Yarow, mfanyabiashara wa mifugo kule Hulugho, alituma uso wake pamoja na mbuzi wawili, akidai hao ndio wanaomfahamu zaidi. Wateja wa Liboi simu zao zilinasa mtandao wa ng'ambo ya mpaka, mashine ikaamua wako nchi nyingine. Eddo aliwapigia mmoja mmoja, akawaambia watembee kuelekea Dadaab mpaka simu irudi Kenya. Walitembea.

Mwaka 2021 mashine iliwafungia wateja wetu mia mbili na kumi na wanne kwa kushukiwa ulaghai, kwa kuwa wote walizaliwa tarehe moja Januari. Eddo aliandika kurasa tatu kueleza kwamba huku kwetu mtu asiye na cheti cha kuzaliwa hukadiriwa mwaka, kisha huandikiwa siku hiyo. Wote wakafunguliwa. Hakuna aliyemwambia asante, lakini mashine iliacha kuwasumbua.

Msidhani ni mtu laini. Kwake, hati ndiyo hati. Aliyetaka kurekebishiwa mwaka kwa neno la mama yake alirudishwa nyumbani. Mimi Abdihafid, ninayeandika haya na nitakayerithi kiti chake, alinikatalia akaunti mara tatu kwa sababu kitambulisho hakikuwa na ndevu na uso ulikuwa nazo. Nilinyoa.

Sasa, Eddo mwenyewe naye ni wa tarehe moja Januari. Karani wa vitambulisho alimkadiria kwa macho, na kwa vile alikuwa mrefu akampa mwaka 1966. Kaka yake Alio, aliyekuwa akimbeba mgongoni kwenda kisimani, alipewa 1967. Kwa mujibu wa karatasi, basi, mbebaji ni mdogo wa mbebwa. Mama yao, Hooyo Saynab, anashikilia kwamba binti yake ana miaka hamsini na saba.

Meneja wetu Duale alipolisikia hilo aliwaomba wakubwa, nao wakakubali: ushahidi ukipita ukaguzi, Eddo abaki miaka mitatu zaidi. Alitaka kubaki, tena sana, wala hakuficha. Hooyo Saynab akaja kutoka Ijara kutoa neno lake, Alio akala kiapo kwa wakili, chifu akaandika barua. Faili likapelekwa kwa mkaguzi, na mkaguzi tawini ni mmoja.

Alilisoma asubuhi nzima. Kisha akaligonga muhuri: IMEKATALIWA. Duale alikasirika, mimi nikakasirika zaidi, na mpaka leo sijapoa. Yeye alitujibu polepole, "Ni wangapi walikuja hapa na mama zao nikawarudisha? Nikijipitisha mimi, nitawaangalia vipi usoni?"

Fomu ina nafasi ya maelezo ya mkaguzi. Aliandika kwa mkono wake: "Hati haitoshi. Mwombaji anasema kweli."

Eddo, ahsante kwa kazi uliyoifanya, hata kwa hiyo iliyotuumiza. Tutakukumbuka kila mashine itakapokwama, yaani kesho asubuhi. Mungu akujalie afya na raha, na Hooyo Saynab aendelee kukuhesabia umri wako, kwa kuwa yeye alikuwepo ulipozaliwa.