Siku Kumbikumbi Waliponifungua Ulimi

Bwana asifiwe sana, wapendwa wa hapa Kitale! Ninyi mnanijua kama mwalimu asiyenyamaza, na wengine huangalia saa nikishika kipaza sauti. Leo mjue kwamba shuleni mimi nilikuwa bubu.

Nilikulia Misikhu, miaka ya themanini. Darasa la kwanza nilichapwa kwa kusoma vibaya, wenzangu wakacheka, na hofu ikanifunga ulimi. Nyumbani naongea, shuleni kimya! Nikarudia darasa, nikarudia tena, mpaka baba akachoka. Akasema nikianguka tena muhula huu, naenda Malakisi kwa shangazi kufunga majani ya tumbaku. Ndugu zangu, nililia! Nilitamani sana kujua mambo, lakini nani angejua?

Ndipo Mungu akamleta Mwalimu Rispa, mama aliyeokoka na mpenzi wa wadudu. Alikuja darasani na panzi ndani ya mkebe, akatuonyesha magoti ya panzi huyo huku akimsifu Muumba mpaka machozi yakamtoka. Kwake kusoma kulikuwa kuabudu.

Asubuhi moja baada ya mvua alitupeleka kwenye kichuguu nyuma ya shule. Akalaza ubao juu yake, akashika vijiti, akaanza kuugonga ili kumbikumbi wadhani mvua imerudi, watoke. Lo, kugonga gani huko! Kama anafukuza mwizi. Hakutoka hata mmoja. Mimi nyanya alikuwa amenifundisha kazi hiyo, nikashindwa kuvumilia.

"Mwalimu, si hivyo! Ni polepole, kama manyunyu!"

Darasa zima liligeuka. Hata mimi nilishtuka kusikia sauti yangu. Mwalimu akanipa vijiti, nikagonga, na kumbikumbi wakatoka. Haleluya, wakatoka! Akaniuliza swali, nikajibu. Kisha mimi nikamwuliza yeye. Muhula ulipoisha nilipita, na shangazi akatafuta mtu mwingine wa tumbaku.

Miaka mingi baadaye, nikiwa tayari mwalimu, nilienda kumsalimia. Nikamkuta uani akiwagongea wajukuu wake kumbikumbi, polepole, kama manyunyu, kwa mkono mwepesi kuliko wa nyanya yangu. Nikasema, "Mwalimu, kumbe unajua!"

"Ati ulidhani sijui?" akacheka. "Si mimi ni mtu wa hapa? Nilikuombea, mwanangu, Mungu akaniambia nigonge vibaya."

Asante Yesu! Ndugu zangu, wewe uliye na mtoto kimya nyumbani, usimwite mjinga. Mwamini Bwana, kisha gonga polepole. Yuko ndani. Atatoka.