Shangazi na Gari Lisilopenda Kusimama

Ijumaa ya tarehe 30 Mei, kengele ya kufunga kazi ikishapigwa, Shangazi atavua ovaroli yake ya buluu kwa mara ya mwisho, baada ya kuitumikia karakana hii kwa miaka thelathini na minne. Sisi tunaobaki tumekubaliana kwamba hakuna kulia. Tutaona.

Aliingia kama mwosha vipuri, akapanda hadi fundi wa injini, na kwa miaka mingi sasa ndiye fundi mkuu. Jina la Shangazi alipewa na wateja, si na sisi. Mteja akifika na gari lenye kelele, hakuulizia nafasi wala msimamizi, aliuliza, "Shangazi yupo?" Akiambiwa hayupo, aligeuza gari na kelele zake akaondoka.

Tusimsingizie unyenyekevu. Shangazi anajua kwamba anajua, na hajawahi kutuficha jambo hilo. Akimaliza kazi ngumu huzunguka karakana nzima akifuta mikono kwa kitambaa, na kila meza husimuliwa upya. Kila akisimulia, ile injini inazidi kuwa mahututi. Chai anatununulia bila kuombwa. Ila kwa spana zake ana mkono wa birika, na aliyewahi kuazima bila ruhusa hajasahau alivyosemwa.

Ana utaratibu wake ambao sijauona kwingine. Hafungui boneti kabla hajakaa ndani ya gari na mwenye gari, injini ikiwaka, na kumuuliza: wewe huwa unafanya nini likianza kusumbua? Si gari, wewe. Mteja mmoja aliishia kueleza ugomvi wake na wakwe, na Shangazi akatoka mle akijua ni kwa nini klachi inaisha haraka vile. Alimbadilishia klachi, akamshauri awe anakwenda ukweni kwa miguu.

Mwezi uliopita alikuja Mkunga, mama mstaafu aliyewapokea duniani nusu ya mafundi wa hapa, na mapacha wa Shangazi pia. Gari lake ni kuukuu la marehemu mumewe, lenye taa za duara na kiti cha mbele kirefu kama benchi. Shangazi ndiye aliyelifufua miaka ile alipokuwa ndiyo kwanza amekabidhiwa kazi za injini, na ndilo lililomtangaza mjini. Sasa mjukuu wa Mkunga alikuwa anaolewa, na bibi alikuwa amemwahidi kumpeleka ukumbini mwenyewe, kwa gari la babu yake.

Tatizo lilikuwa moja. Gari likitembea, halina neno. Likisimama huku injini inaunguruma, mshale wa joto unapanda, na muda si mrefu mvuke unatoka. Msafara wa harusi, kama tujuavyo, husimama kuliko unavyotembea. Watoto wa Mkunga walitaka likodishwe gari jipya, na hili liuzwe kama chuma chakavu. Mkunga aliwaambia kwamba Shangazi akishindwa, basi na yeye amekubali.

Shangazi alikuwa likizo, nasi tukajitia ujuaji. Tuliosha rejeta, tukabadilisha pampu ya maji, tukabadilisha hata thamostati inayoruhusu maji kupita. Gari likaendelea kuchemka kama sufuria ya maharage. Shangazi aliporudi alitucheka vya kutosha, kisha akaapa mbele ya wote kwamba hatapokea cheti cha kustaafu kabla gari lile halijajifunza kusimama. Hapo akawa amejifunga mwenyewe.

Alikaa kwenye benchi lile na Mkunga, wakaliacha gari lipande joto, wakaongea. Alipotoka alikuwa na jibu nusu. Maji hayana kosa, alitwambia; gari likitembea, upepo wa barabarani unaipoza rejeta, lakini likisimama kazi yote inaiangukia feni. Tatizo ni hewa. Akachukua karatasi ya gazeti akaiweka mbele ya rejeta. Katikati ilinata. Pembeni ilipepea ikaanguka. Feni ilikuwa nzima na mkanda wake umekaza, ila ilikuwa inajizungushia hewa ileile ya moto badala ya kuivuta mpya kupitia rejeta yote. Akapapasa fremu ya rejeta, vidole vikagusa matundu ya boliti yaliyozibwa na rangi. Palitakiwa kuwa na bati la duara linaloizunguka feni. Halikuwepo.

Tukaanza kupekua vyuma chakavu. Shangazi hakusogea. Alikuwa anatazama ukutani.

Kila aliyewahi kuchelewa kazini anaijua saa yetu: ilikuwa imekaa katikati ya duara pana la bati jeusi. Bati lile alilipachika Shangazi. Siku zile za kulifufua gari alilitoa kwa sababu lilimfichia injini aliyokesha akiing'arisha, halafu akaona ni zuri mno kutupwa, akaifanyia saa fremu. Mtaa wa Mkunga haukuwa na foleni wakati huo, kwa hiyo gari halikulalamika. Baadaye zikaja taa za kuongozea magari.

Angeweza kunyamaza, na nani angembishia? Badala yake alimpigia Mkunga, simu ikiwa kwenye spika, sote tukisikia: "Mama, mwizi wa bati lako ni mimi." Mkunga akauliza kama hiyo saa angalau ilikuwa inakwenda sawasawa. Jibu la kweli ni kwamba haijawahi. Shangazi alicheka mpaka machozi yakamtoka, na mimi nilimpenda siku ile kuliko siku zote.

Bati likarudi mahali pake. Aliliacha gari uani kwenye jua la mchana, boneti imefungwa, injini inaunguruma, yeye akila chakula chake wima huku amekodolea mshale macho. Ulipanda hadi katikati ukatulia. Akazunguka meza zote kusimulia, na safari hii mwizi katika hadithi alikuwa yeye. Kufikia meza ya mwisho bati lilikuwa limekuwa kubwa kama mlango.

Jumamosi ya harusi alipanda gari la nyuma, dumu la maji mapajani. Msafara ukasimama kwenye kila taa, ukasimama tena kwa ajili ya wapiga picha. Mkunga alishika usukani kwa mikono miwili na hakugeuka nyuma hata mara moja. Jumatatu dumu lilirudi karakana, limejaa.

Shangazi, asante kwa injini, kwa chai na kwa maneno makali tuliyostahili. Tunakuombea afya, usingizi wa asubuhi, na wajukuu wasiogusa spana zako. Saa yetu haina fremu tena, na haitawekewa nyingine. Ijumaa Mkunga anakuja kukuchukua mwenyewe, na tumeshajua unavyoaga, meza kwa meza. Usiwe na haraka. Gari litakuwa getini, injini inaunguruma, na litakusubiri.