Mhakiki wa Picha Zisizo na Watu

"Bisheni mpaka povu liwatoke, lakini Mhakiki alikuwa haandiki kitu bila kuniuliza mimi!" Spika alianza hivyo, hata kahawa haijapoa. Kwenye benchi, mbele ya sinema iliyogeuzwa ghala la magodoro, walikuwepo Spika mwenyewe, aliyeitoroka shule akaenda kuendesha mashine ya picha. Fundi Viatu, misumari mdomoni. Na Mama Kahawa na birika lake. Mhakiki, msomi aliyezeeka akisifia vitabuni picha za sinema ambazo hakuna aliyezielewa, alikuwa anazikwa alasiri hiyo.

— Akuulize wewe? alicheka Fundi. Darasa la sita lenyewe lilikushinda!

— Shule niliiacha mimi, haikuniacha. Mzee anapanda ngazi mpaka chumba cha mashine: "Spika mwanangu, hii ina falsafa?" Nikisema inayo, kesho imo kitabuni.

— Hata ile ya bomba linalovujia ndoo saa mbili nzima?

— Hiyohiyo.

— Haba na haba hujaza kibaba, alisema Mama Kahawa. Ndoo ilijaa?

— Picha iliisha kabla.

Fundi akatema misumari.

— Yule alikuwa mpelelezi. Mtu mzima hakodolei picha ya ukuta bure.

— Ampelekee nani habari, kwamba ukuta bado umesimama?

— Kuta zina masikio, ndugu yangu!

— Mimi nasema alikuwa haoni, alisema Mama Kahawa. Ndiyo maana hakusifia picha yenye watu. Watu wangemuumbua: angeulizwa nani kafanya nini.

Kicheko kikakatika. Binti wa Mhakiki, yule aliyelelewa upande wa mama yake, alikuwa amesimama mbele yao, macho mekundu.

— Pole, mwanangu.

— Asante, mama. Nimeambiwa niseme machache kaburini. Vitabu vyake nimevisoma vyote. Hivi kuna picha baba aliyoipenda? Kuipenda tu?

Fundi akakagua soli. Mama Kahawa akainamisha birika. Halikutoa hata tone. Spika angeweza kusema bomba, na dada wa watu angekwenda kulitangaza bomba mbele ya jeneza.

— Dada, alisema, hawa niliwatilia chumvi, eti baba yako alikuwa akiniuliza. Falsafa hakuniuliza hata siku moja. Alikuwa akija mchana, mlango wa nyuma, nikionyesha ile ya mwizi mnene anayekwama dirishani. Anakaa chumba cha mashine, juu ya kasha, amejiziba mdomo kwa leso ili watazamaji wa chini wasimsikie, anacheka mpaka machozi. Aliniapisha nisimwambie mtu. Swali lake lilikuwa moja tu: "Kesho utaiweka tena?"